Poda Haipiti Mlango wa Wageni

Kabla sijaona askari hata mmoja, nilisikia buti. Asubuhi yangu ya kwanza kazini ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya Nzilo na ukuta wa kambi haukuonekana. Baba yangu, aliyechimba shaba maisha yake yote, alizoea kusema kwamba baruti ikilipuliwa chini ya mgodi, nyayo husikia kabla ya masikio. Ndivyo buti zilivyonifikia, kupitia ardhini, nikiwa nimesimama ndani ya weupe ule na mkoba wangu. Halafu ukungu ukapasuka kidogo, ukaniachia mlango mdogo wa chuma, wa kijani kibichi. Mlango huo ndio uliokuwa kazi yangu mpaka nilipopata pensheni.

Aliyenipokea alikuwa Ajida-shefu, afande msimamizi wa geti, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Mama Ngalula, siku ya sherehe jenerali anapita kule ku geti kubwa na motokari yake," aliniambia. "Bantu bengine bote banapita kwako. Bakikutukana, bahati mbaya. Bakikubembeleza, njo uangalie sana!"

Nyinyi mnaoshika kazi hii leo mna mashine zinazolia. Sisi tulikuwa na konsinyi, yaani maagizo ya zamu, ambayo kila mmoja aliyabeba kichwani. Kila kuruta anayehitimu alipewa kadi mbili za wageni. Simu zilibaki mezani. Nguo ya madoa ya kijeshi haikuingia, hata kama ni ya mtoto mchanga mgongoni. Hakuna aliyevuka kamba ya jukwaa mpaka isikike "rompe", amri ya kuvunja mistari, ndipo familia zikawakumbatie watoto wao. Mwisho wa yote, malori yaliposubiri barabarani, askari wapya walitoka kwa mlango huo huo wangu, mmoja mmoja, wafupi mbele, warefu nyuma.

Na poda. Mnajua kwetu: mtu akifaulu, anamwagiwa poda. Kabla ya wakati wangu mashangazi waliwahi kuvuka kamba na makopo yao, wakawapaka askari na bunduki zao, mpaka mkubwa mmoja akauliza kama hili ni jeshi au ni duka la mikate. Tangu hapo poda ikakatazwa. Kila sherehe meza yangu ilijaa makopo, na geti la kambi likanukia watoto wachanga.

Nilianza kwenye meza ya simu. Kapiteni wa itifaki, aliyependa kupima urefu wa kamba kwa hatua zake mwenyewe, alinihamishia kwenye fuye, upekuzi wa akina mama. "Pekua kitambaa, usipekue mwili," alinifundisha. "Muntu akiona haya kwako, atakumbuka ile haya, atasahau sherehe." Baadaye akaja Meja, mtu wa maneno machache, akanifanya mkuu wa mlango.

Ni wakati wa Meja huyo alipokuja Nkambo Kaumba, yaani Bibi Kaumba. Alitoka Dilolo kwa treni kumwona mjukuu wake, Muteba, akihitimu. Alikuwa mdogo wa mwili, na kitenge chake kilinukia moshi wa makaa. Kwenye pembe ya kitenge nilipapasa fundo, ndani yake bonge jeupe.

"Nkambo, hii ni nini?"

"Pemba."

Ulikuwa ule udongo mweupe wa mtoni, ambao mama yangu, Mkasai, aliuita lupemba.

"Pudre hairuhusiwe, nkambo. Utaikuta hapa ku meza wakati ya kutoka."

"Mi sikubebe pudre, mwanangu. Pudre ni ya furaha. Hii ni ya kumurudisha muntu ku nyumba."

Kando yake bado alisimama mama mmoja wa mtaa wa Kasulo, mfanyabiashara, ambaye nilikuwa nimetoka kumnyang'anya makopo mawili. "Kama yake inapita, na ya kwangu ipite! Ao ya Dilolo haichafule?"

Foleni ikacheka. Nkambo hakugeuka. Aliniambia polepole, kana kwamba tulikuwa wawili tu, kwamba kila mtoto wake aliyefunga safari alimgusa kwa pemba kabla hajavuka kizingiti. Baba yake Muteba, askari pia, aliitwa ghafla siku ambayo Nkambo alikuwa shambani.

"Alienda vile vile, bila mukono yangu. Mpaka leo niko namungoja. Huyu hataenda vile."

Nasi sote tulijua malori ya siku hiyo yalikuwa yanaelekea mashariki, kwenye vita.

Meja akaja kuuliza kilichosimamisha foleni. Nilimweleza. Aliinama, akalitazama lile bonge.

"Mama, pole. Pudre ni pudre. Mungu atanisamehe, lakini jenerali, sijue."

"Na ile iko ku mwili, mon Major?" nikauliza.

Akamtazama yule mama wa Kasulo, ambaye shingo yake ilikuwa nyeupe kwa poda mpaka kifuani.

"Ile ya ku mwili ni ya mwili," akasema, akiondoka. "Mi sikuya hapa kunawisha bantu."

Nkambo aliomba maji yangu ya kunywa. Akalainisha lile bonge, akajipaka viganja mpaka vikawa vyeupe kama karatasi, akafumba ngumi, akaingia.

Akakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wangu. Tarumbeta ziliwaka jua, vumbi jekundu likapanda na kuning'inia hewani, na vijana wakapita ndani yake kama watu wanaotembea chini ya maji. Jukwaa zima likapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Nkambo, piga makofi!" mama wa Kasulo akamchokoza. "Ao unamuonea haya mutoto yako?"

"Mikono yangu iko na kazi ingine."

Ndipo Ajida-shefu akaninong'oneza: amri imebadilika. Hakuna "rompe". Malori yanaondoka mara moja, wageni wabaki nyuma ya kamba. Ilinipasa mimi kumwambia.

Aliuliza, "Banapita wapi?"

"Hapa, nkambo. Mumoja mumoja."

"Mulango ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi niazime."

Niliipitia konsinyi yote kichwani: kadi, simu, nguo, kamba. Juu ya mlango wenyewe haikusema kitu. Nkambo akauendea mlango, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mikono juu zaidi ya kichwa chake. "Amekuwa murefu sawa baba yake," akasema, akakandamiza viganja vyote viwili kwenye chuma cha kijani. Kisha akarudi kuketi, akapiga makofi mpaka mwisho, na kila pigo likatoa moshi mdogo mweupe.

Sasa nakaa nyumbani. Mchana, usingizi ukinichukua kitini, nyayo zangu bado husikia buti. Mabinti waliorithi mlango hunitembelea na kuniuliza namna ya kushika sheria bila kuumiza watu. Nawaambia kila sheria ina kitu inachokiogopa; kijueni kwanza. Ile ya poda iliogopa bunduki kuchafuka. Haikuwahi kumuogopa bibi. Kisha huuliza kile wanachokitaka kweli: kijana aliona?

Muteba alikuwa wa mwisho, kwa urefu wake. Wenzake waliusukuma mlango kwa bega, kwa begi, wakipita, bila kufika juu kule. Yeye alisimama. Kwenye alama nyeupe ya kiganja cha kushoto, kidole kidogo kilikuwa kimepinda; alikifahamu, kilikuwa cha bibi yake. Akavua bereti, akaweka paji la uso kwenye kiganja kimoja, kisha kwenye kingine.

"Avance!" Ajida-shefu alifoka. "Unalala ku mulango?"

Alivaa bereti kwa upande, akiacha paji wazi. Kwenye benchi makofi ya Nkambo yalinyamaza. Muteba hakugeuka nyuma. Akatoka, nami nikafunga mlango nyuma yake taratibu, nikiushika pembeni, pasipo na weupe.