Mlango Tulioupeleka Iringa

Tulikwenda Iringa kwa sababu ya yaliyotukuta Mbalizi. Kwa msomaji asiyetufahamu, sisi ni watu wachache wa Ilomba, hapa mjini Mbeya, tunaopenda michezo ya jukwaani kupita kiasi. Mimi ni fundi cherehani, na maleba ya waigizaji, yaani nguo zao za jukwaani, yakichanika huletwa kwangu. Mwenzangu Lusekelo ni kinyozi. Ukikaa kwenye kiti chake utanyolewa vizuri, lakini utaelezwa pia kwa nini igizo fulani lilinoga ukumbi ule na likadoda ukumbi huu, na huwezi kuondoka kwa sababu nusu ya kichwa bado.

Kikundi tunachokishabikia ni cha Dada Tupokigwe, mwalimu wa chekechea, ambaye ametunga igizo moja tu maishani mwake na kulicheza mwenyewe. Mwanamke wa Kihehe aliyeolewa mbali anafiwa na mumewe, anarudi kwao na furushi kichwani. Anasimama mlangoni na kusalimia, "Kamwene." Kaka yake yumo ndani, sisi watazamaji tunamwona upande wa pili wa mlango, anamsikia, wala haitiki. Anasalimia mara ya pili na ya tatu. Kisha anakaa juu ya furushi lake na kusema, "Hapa hata salamu imekosa mwenyewe." Baada ya hapo hakuna neno tena, ni kimya kirefu mpaka taa zizimwe. Igizo zima ni la Kiswahili isipokuwa salamu ile, ambayo Tupokigwe aliirithi kwa bibi yake mzaa mama, mtu wa Iringa.

Mara ya kwanza kuliona, katika ukumbi wa parokia pale Ilomba, nililia mpaka leso ikalowa. Baba yangu alihama Usukumani na ng'ombe wake akaja kuanza maisha Usangu, nami nilizaliwa huko. Namkumbuka mama kisimani, siku zile Kiswahili chake kikiwa cha kuokoteza, akiwasalimia majirani kwa Kisukuma. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu waitike nini, basi wakawa wanatazama ndoo zao. Mama alikuwa akirudi nyumbani kimya. Sikuwahi kumsimulia mtu habari hiyo, halafu siku moja nikaiona jukwaani, imetungwa na mwanamke ambaye hata hamjui mama yangu. Kwa hilo namshukuru Tupokigwe hadi leo.

Sasa Mbalizi. Tulialikwa kucheza siku ya gulio, nje, kando ya soko. Bodaboda zilipita mbele ya jukwaa, na kile kimya kirefu kilipofika tu, gari la matangazo likakaribia likinadi dawa ya panya, kunguni na mende. Watu wakaangua kicheko. Kisha upepo ukavuma, na mlango wetu, mlango wa mbao kabisa pamoja na fremu yake, ukaanguka kifudifudi. Kaka aliyekuwa akimkwepa dada yake akabaki amekaa kwenye kigoda, wanatazamana ana kwa ana mbele ya soko zima.

Tukiwa njiani kurudi Ilomba, Tupokigwe alisema maneno ambayo hatukuyapenda. Alikuwa amealikwa Iringa na akina mama wa usharika mmoja, na kwa kuwa alishaitikia wito angekwenda. Lakini igizo likifia na huko, basi, amemaliza. Mlango atampa Ambakisye akautumie kwenye banda la kuku. Ambakisye ndiye aliyeutengeneza, maana ni seremala, na ndiye anayeigiza yule kaka asiyeitika.

Kuanzia siku hiyo mimi na Lusekelo hatukuwa na mazungumzo mengine. Yeye alisema kimya ni kitu kinachohitaji kuta, na igizo hili likitolewa nje limeshauawa. Mimi nilisema kosa halikuwa la uwanja. Watu wa Mbalizi walikuja kununua nyanya, hawakuja kwa ajili yetu, na mtu aliyekuja kwa ajili yako atakusikiliza hata stendi. Tulibishana kibandani kwake, tukabishana kwangu, mpaka wateja wakaanza kuchagua upande.

Jumamosi alfajiri tuliondoka na Coaster ya kukodi, mlango umefungwa kwa kamba juu ya paa. Pale Uyole baridi ilikuwa kali na madirisha yote yamefungwa. Kila trafiki aliyetusimamisha aliuliza kwanza habari ya ule mlango, na dereva alichoka kueleza, akawa anajibu tu kwamba tunahama.

Kupita Igurusi na Chimala, jua lilipopanda, mabonde ya mpunga yalionekana upande wa kushoto, na huko mbali zaidi ndiko Usangu kwetu. Nilifuta kioo nipate kutazama. Lusekelo alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akitupa sisi mashabiki masharti ya ukumbini: hakuna kupiga makofi kabla ya wakati, hakuna kunong'ona, na mwenye kikohozi amalizie kabisa Makambako. Mtazamaji mzuri, alisema, ni yule ambaye mwigizaji anasahau kwamba yupo.

Makambako tulikunywa chai kwa viazi vya kuchemsha, na upepo wa pale ukatukumbusha kwa nini watu wake huvaa makoti mchana. Kutoka hapo hadi Mafinga ni misitu ya misonobari na mbao zilizopangwa kando ya barabara. Ambakisye alizitazama kama mtu anayepita mbele ya duka la nyama akiwa na njaa. Tupokigwe alikaa kiti cha nyuma peke yake, midomo inacheza. Alikuwa anarudia maneno yake, ingawa aliyajua kuliko jina lake.

Alasiri tulipanda kilima kutoka Ipogolo na kuingia Iringa mjini. Mwenyeji wetu, Mama Kihwele, kiongozi wa wale akina mama na mkulima wa mahindi na maharage, alitupokea getini kwake. Akasema, "Kamwene." Tukaitika sote, "Kamwene," maana neno hilo angalau tulikuwa nalo. Lakini hakutosheka na jibu la jumla. Alimsalimia kila mmoja kwa zamu yake, akimshika mkono, na hakusogea mpaka ameitikiwa. Dereva alikuwa juu ya paa anafungua kamba za mlango. Mama Kihwele alisimama chini, akamsalimia, akasubiri kamba zote zifunguliwe, ndipo dereva alipomsikia na kuitika. Baada ya hapo tukakaribishwa ndani.

Tulikula ugali, maharage na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, tukapewa vitanda ambavyo wenyewe walivihama kwa ajili yetu. Sisi wanawake wawili, mimi na Tupokigwe, tulilala chumba cha binti wa nyumba. Kabla ya kulala aliniambia anaogopa. Nilimwambia watu wa kesho watakuja kwa ajili yake. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Jumapili, baada ya ibada, tuliingia ukumbi wa usharika. Lusekelo ana desturi yake: akiingia ukumbi wowote hupiga kofi moja na kusikiliza. Alipiga, sauti ikaenda hadi ukutani ikarudi safi, naye akanigeukia akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Kuta zilikuwa nene, dari ya mbao, madirisha yamefunikwa kwa mapazia mazito, na mtaa ulikuwa umetulia. Watu walijaa hadi benchi za nyuma, akina mama wamefunga vilemba, wanaume na makoti yao ya kanisani. Yaani kuta zake zilikuwepo, na watu wangu walikuwepo. Wote wawili tulikaa tukiwa na uhakika.

Igizo likaanza. Msiba, safari, furushi kichwani. Ukumbi ulikuwa umetulia kabisa. Tupokigwe akafika mlangoni, akatua furushi, akasema, "Kamwene."

Ukumbi mzima ukaitika, "Kamwene."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Tulikuwa tumezungumza habari za kuta, upepo, dari, bodaboda na kikohozi, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba tunawapelekea Wahehe igizo linalotaka salamu ya Kihehe isiitikiwe. Lusekelo alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Tupokigwe alisita. Akasalimia mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, nadhani akitumaini haitasikika. Wakaitika kwa nguvu zaidi, na bibi mmoja wa benchi la mbele akaongeza, "Karibu mwanangu, karibu nyumbani." Nyuma ya mlango niliona mgongo wa Ambakisye umekakamaa. Neno lililokuwa linafuata lilikuwa ni kwamba hapa salamu imekosa mwenyewe, nalo lingekuwa uongo mtupu mbele ya watu mia wenye salamu yao mkononi. Niliona banda la kuku.

Hakusalimia mara ya tatu. Aligeuka akatutazama sisi watazamaji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapitisha macho benchi kwa benchi. Halafu akaurudia mlango, akaweka kiganja juu ya mbao, akasema polepole:

"Kaka, umewasikia? Mtaa mzima umeitika. Bado wewe."

Kilichofuata ndicho kimya tulichokuwa tunakitafuta tangu Ilomba. Hakuna aliyepumua kwa sauti. Watu walikuwa wameshaitika, wameshamaliza sehemu yao, sasa wote walikuwa wanamsubiri mtu mmoja. Ambakisye aliinua kichwa. Akafungua mdomo. Akaufunga, akainama tena. Bibi wa benchi la mbele alisema, bila kupaza sauti, "Mwitikie dada yako." Hakuitika. Taa zikazimwa, na katika giza lile nilisikia watu wazima wakilia.

Baadaye, tukinywa chai nje, Lusekelo alimweleza Mama Kihwele kwa adabu zote kwamba kwa kweli igizo lilitungwa ili watazamaji wanyamaze. Mama Kihwele alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Sasa mtu kasimama mlangoni, anasalimia, we unakaa kimya?" akasema. "Si ndo unamfukuza hivyo. Nyie mlitaka na sisi tumfukuze?"

Lusekelo, ambaye ana neno kwa kila jambo, aliomba aongezewe chai. Nilikuwa nimesema watu waliokuja kwa ajili yako watakusikiliza. Sikujua kwamba wapo ambao kusikiliza kwao ni kuitika.

Jumatatu asubuhi tulifunga mlango juu ya paa. Mpwa wake Mama Kihwele analima vitunguu Ruaha Mbuyuni, na tulipewa gunia zima la vitunguu vyekundu, pamoja na maharage na mahindi mabichi ya njiani. Tulipotaka kushukuru, wale akina mama walisema wao ndio wanaoshukuru. Yule bibi wa benchi la mbele alikuja na fimbo yake hadi kwenye gari. Alimtafuta Ambakisye, akamshika sikio kidogo, akamwambia siku nyingine aitike. Ambakisye, baba wa watoto wanne, alisema, "Sawa, bibi."

Njia nzima hadi Mafinga Tupokigwe alikuwa anacheka peke yake. Kupita Makambako ndipo alipotuuliza swali. Mstari ule mpya anaupenda, wa zamani hautaki tena. Lakini Jumapili ijayo tunacheza Ilomba, na Ilomba hakuna anayeitika. Sasa afanyeje, amwambie kaka yake kwamba mtaa umeitika na mtaa haujasema kitu? Tulibishana hadi Uyole. Mmoja alipendekeza watazamaji wafundishwe mlangoni. Mwingine akasema tumtafute Mhehe wa kukodi. Lusekelo, kwa mara ya kwanza, alisema atafikiri.

Jumapili ile ukumbi wa parokia ulijaa majirani zetu, wengi wao wakiwa wameshaliona igizo. Mimi nilikaa karibu na ukuta, Lusekelo benchi la nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote pa kusikilizia. Tupokigwe hakuwa ametuambia ameamua nini. Msiba ukapita, safari ikapita, akatua furushi mlangoni.

"Kamwene."

Kimya, kile kile cha Ilomba. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wakisubiri kuhuzunika kama walivyozoea. Nilijiambia niitike, nikajikuta natazama viatu vyangu. Tupokigwe alivuta pumzi, akasalimia mara ya pili.

"Kamwene," ikatoka sauti nene kutoka benchi la nyuma kabisa, sauti ya mtu ambaye kwa miaka mingi amewakataza watu hata kukohoa.

Vichwa viligeuka kumtazama Lusekelo. Alikuwa amesimama, mikono ameibana ubavuni kama mwanafunzi, na hakukaa. Ndipo sauti yangu nami ikatoka. Nilimwitikia Tupokigwe, na nilimwitikia mama yangu pale kisimani, na kabla sijamaliza jirani yangu wa kushoto akaitika, na aliyefuata, benchi baada ya benchi, kila mtu kwa lafudhi yake.

Tupokigwe akatutazama sote. Kisha akaugeukia mlango tuliokuwa tumeurudisha kutoka Iringa, akaweka kiganja chake juu ya mbao.