Tulipoezeka Kiwanda Kabla ya Kuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, nikaripoti Rulenge kwa Mhandisi Mkuu. Alikuwa mzungu mrefu aliyeletwa na kampuni ya ng'ambo iliyotaka kujenga kwetu kiwanda cha kukoboa kahawa, yaani kuivua punje ganda lake kavu. Aliitazama suruali, akanikabidhi koleo. Jioni kaki ilikuwa na rangi ya udongo wa Nyakisasa, kijiji cha jirani kulikokuwa na kiwanja chetu, na mimi nimekwisha kuwa msaidizi wake.

Ninyi vijana mnaosimamia miradi, sisi tulifundishwa kwamba ratiba ni amri: msingi, kuta, kenchi, zile mbao za kubeba paa, kisha mabati, na mwisho kabisa mashine. Niliipenda ratiba ile kama mchumba. Ndipo vita vya Kagera vikaanza. Malori ya saruji tuliyoyategemea kutoka Biharamulo yakapelekwa mpakani, wala hatukunung'unika, nchi kwanza. Lakini mashine ilikwishafika, imo kwenye makasha chini ya turubai bovu, na masika yanakaribia. Mkurugenzi wa kampuni akaleta salamu kutoka kwao kwamba kahawa ikiiva kabla mashine haijazunguka, mradi utahamishiwa mkoa mwingine. Niliogopa kweli. Wanakijiji walikuwa wametupa kipande kizuri cha shamba lao la ujamaa kiwe kiwanja. Ningewatazama kwa macho gani?

Jumapili moja tulialikwa na fundi wetu mkuu, aliyekuwa akijenga nyumba yake jirani na kiwanja. Paa la nyasi lilikuwa tayari juu ya miti, kuta hakuna, na familia imekaa humo inakula, waonekana wote. Mhandisi akaninong'oneza kwamba maskini, fundi ameishiwa. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nikamweleza kuwa kwetu nyumba huezekwa kwanza, ndipo ikandikwe udongo taratibu, mvua isiumomonyoe ukuta mbichi.

Akaweka ndizi chini. "Saruji iliyobaki inatosha msingi wa mashine?"

"Inatosha, bwana. Haitoshi kuta."

"Basi kuta zisubiri."

Toka siku hiyo kila asubuhi tuliulizana kilichofika na kinachowezekana, tukapanga kazi upya. Wanakijiji wakaleta nguzo za mikaratusi wakiimba, mabati yakapanda, mashine ikafungwa chini yake. Masika yakatukuta tuko pakavu, na pombe ya ndizi ikanywewa.

Mkurugenzi alikuja wakati wa mavuno na uso wa kufunga mradi. Mashine ilikuwa ikinguruma, wakulima wamejaa na magunia, mbuzi wanachungulia kutoka pande zote nne. Akazunguka jengo zima.

"Mlango uko wapi?"

"Utakuja na ukuta, Bwana Mkurugenzi," nikamjibu. "Kahawa imetangulia."

Akacheka hadi akavua miwani, na mradi ukabaki. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe. Vita vilipokwisha malori yakarudi, tukajenga kuta mashine ikifanya kazi. Mimi nikahamishiwa Biharamulo kuanzisha tawi, na huko pia nikaanza na paa.

Sasa nimestaafu, najenga Nyakisasa. Nimeshaezeka. Mke wangu analalamika kwamba wapita njia wanatuona tukila. Namwambia wanatuona tumeshiba. Asubuhi mashine ile ikiwashwa, mngurumo wake unaingia moja kwa moja hadi kitandani, hakuna kinachouzuia. Nimemwambia fundi asiharakishe kuta.