Mume wangu kambadilishia mtoto amri ya saba

Nifichieni jina langu na la kanisa letu, maana Dodoma hapa tunajuana. Nina miaka 33, nimeolewa kwa ndoa ya kanisani mwaka wa tisa sasa, na tuna binti mmoja wa miaka saba. Mume wangu ananunua samaki kwenye bwawa la Mtera na kuwaleta mjini, kila wiki analala huko siku mbili. Sijawahi kumfuatilia.

Jumapili hii ni ya watoto. Kila mtoto atasimama mbele ya kanisa, aseme amri moja kwa kichwa na kuieleza. Binti yangu alipangiwa ya saba, Usizini. Mwalimu wao wa Jumapili amewarahisishia: baba ni wa mama, mama ni wa baba, hakuna wa kuingia katikati. Mtoto aliikariri wiki nzima, hata akioga anaisema. Baba yake akimsikia anatoka nje. Nilidhani anatoka kupokea simu.

Juzi mwalimu akanieleza kuwa mume wangu alimfuata, akaomba mtoto apewe ya tano, Waheshimu baba yako na mama yako. Nilipomuuliza akasema, "Mtoto mdogo vile, anafundishwa uzinzi wa nini?" Jibu lina akili, nakubali. Lakini huyu ni mtu asiyejua hata jina la mwalimu wa darasa wa mwanae. Leo kapata wapi muda wa kumtafuta mwalimu wa Jumapili? Na mbona mimi hakuniambia? Likizo alimchukua mtoto wakaenda wote Mtera, na tangu warudi, nikimuuliza mtoto habari za huko ananitajia samaki tu.

Jana nilikuwa namsuka, nikamwambia anisomee amri yake mpya. Akaisema vizuri. Halafu akaniuliza, "Mama, kama baba amenikataza kusema, na wewe ukiniuliza, nimheshimu nani?"

Nikamwambia akae sawa, nikaendelea kusuka. Mpaka sasa sijamuuliza kitu. Naogopa atakachosema, na naogopa zaidi kumgeuza mwanangu shahidi wa ndoa yangu. Lakini Jumapili nitakaa benchi moja na baba yake, tumtazame akiahidi mbele ya watu kutuheshimu wote wawili.

Nishaurini ndugu zangu. Mtoto bado anasubiri, nimjibu nini?