Jiko Lililosifiwa kwa Adabu

Wifi yangu wa mtaa wa Gatsata ndiye aliyeniambia kwanza kwamba wataalamu watapita kupima kama majiko ya udongo waliyotugawia yanapunguza kuni. Lake limepasuka, na langu pia. Mwanangu anakohoa kwa moshi kila nikipika.

Nilikuwa kwake alipofika mtaalamu. Jiko lilikuwa linawaka, na wifi alikuwa ameficha ufa kwa sufuria kubwa.

"Mama, jiko iko sawa?"

"Iko vizuri sana, bwana. Mungu awabariki."

"Na kuni?"

"Zimepungua."

Mtaalamu akapangusa machozi ya moshi, akaandika hivyo hivyo.

Alipoondoka nikamuuliza wifi kwa nini amedanganya.

"Zawadi ya mgeni unaisema vibaya mbele yake? Wewe nani alikulea?"

Adabu yetu naijua. Hata mimi nilinyamaza. Lakini huyo aliyelizwa na moshi kisha akaandika kwamba tumeendelea, amelelewa na nani? Sasa watasema utafiti wao unainua nchi, na hakuna atakayetuletea jiko zima.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba jiko langu hadi ofisini kwao, nikaliwasha mlangoni.