Gauni la Siku ya Afisa

Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, na jina hilo nililianzisha mimi. Tunashona chumba kimoja, cherehani zetu zimetazamana, na kwa miaka kumi na mmoja nimemwona akiacha pindo la vidole vinne kwenye kila sketi ya shule. "Mtoto anakua," husema. Sketi moja inavaliwa madarasa matatu, wazazi wanachekelea. Siku moja nikamwambia, shoga, kwa mapindo haya tutakufa njaa, mteja harudi mpaka binti yake aolewe. Akacheka, na jina likabaki. Wakati ule hakuwa mama wa mtu yeyote, na mimi kwa ulimi wangu huu sikufikiri hata kidogo kwamba huenda likamchoma.

Chumba tunachoshonea ndicho chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya pazia kuna meza ya kulia, jiko, na vyumba viwili vya kulala, kimoja kikiwa kimejaa maboksi ya vitambaa. Mumewe ni fundi bomba, mtu mpole mwenye kosa moja tu: hajui mahali pa kuweka kitu. Viatu vya matope anaviacha mlangoni vimelala chali. Kila siku saa saba, akirudi kula, tunayasikia yale yale.

"We bwana, hii spana inafanya nini juu ya shati la watu?"

"Inapumzika, mke wangu."

"Ikapumzike kwenu!"

Na fundi bomba anachukua spana yake taratibu, anaihamishia juu ya meza ya chakula, na vita vinaanza upya.

Waliponiambia wanataka kuchukua mtoto wa kulea, awe wao kabisa kwa karatasi za mahakama, nilipinga. Nilisema maneno ambayo leo nayameza bila maji. Nilisema damu ni nzito kuliko maji. Mama Pindo hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kitambaa. "Wewe na dada yako wa damu," alisema, "huu mwaka wa nne hamsalimiani." Nikatafuta tundu la sindano.

Basi maboksi yakatolewa, kitanda kikaingia, na mtoto akaja. Msichana wa miaka sita, mwembamba, mwenye macho yanayopima watu kuliko utepe wangu. Alikuwa amekwisha kukaa nyumba mbili na kituo kimoja cha watoto. Aliletwa na afisa wa ustawi wa jamii, mama mtu mzima mwenye miwani na faili kubwa, ambaye sisi tulimwita Bi Faili, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Bi Faili alieleza utaratibu bila kupaka sukari. Mtoto atakaa nao miezi sita kwanza. Yeye atakuja kila mwezi, ataangalia, ataandika. Mwisho atapeleka taarifa kwa hakimu. Akiona hapafai, mtoto anaondoka.

Mama Pindo alilibeba neno hilo la mwisho kila mahali. Nilimwona akilibeba hata wakati wa kupiga pasi.

Mtoto alikuwa na adabu, na adabu yake ilinitisha. Aliomba ruhusa kunywa maji. Aliomba ruhusa kwenda chooni. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Aliambiwa aseme mama na baba, akasema mama na baba, vizuri kabisa, kama anasoma ubaoni. Shuka alikunja mwenyewe, na chini ya kitanda mfuko wake ulikuwa umefungwa, viatu ndani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu miezi ilipita, na jembe alilichukua mwenyewe bila kupewa, lakini ugeni haukumtoka.

"Umewahi kuona mtoto asiye na usumbufu hivi?" Mama Pindo aliniuliza, anajivuna.

"Mtoto asiye na usumbufu ni picha, shoga. Watoto wa picha hutundikwa ukutani."

Alinikasirikia siku mbili. Lakini yeye mwenyewe, mbele ya mtoto, alikuwa picha vile vile. Hakuwahi kumpandishia mtoto sauti hata mara moja. Mtoto akimwaga chai, "Haina neno, mwanangu." Akiharibu uzi, "Haina neno." Aliogopa Bi Faili asije akasikia kwamba katika nyumba hii watu wanafoka. Na kwa kuwa hasira ya fundi cherehani lazima itoke mahali, yote ilimwendea fundi bomba. Masikini yule mwanamume aligombezwa kwa niaba ya watu wawili. Mtoto alikuwa akikaa mezani, mikono juu ya magoti, akitazama vita vile kuanzia spana mpaka sahani zinapowekwa, bila kupepesa.

Sasa nije kwenye gauni.

Kabla ya kila ziara ya Bi Faili, Mama Pindo alimshonea mtoto gauni jipya. La kwanza la njano, lina mkanda. La pili la buluu, marinda kiunoni. Kazi za wateja zilisogezwa pembeni. Na mimi nilisaidia, sitajitoa: marinda yale ni ya mkono wangu. Tulimsimamisha mtoto juu ya stuli, tukampima, tukamgeuza, tukamwambia, "Utapendeza! Afisa akikuona!" Yeye alisimama kimya kama mti wa kuanikia nguo.

Ila siku gauni likianza kukatwa, mtoto aliacha kula. Asubuhi ya ziara, shuka limelowa. Tukaona ni hofu ya Bi Faili, na nani asiyemwogopa? Dawa yake Mama Pindo ilikuwa moja: gauni la mwezi unaofuata liwe zuri zaidi. Kila mtu hutibu kwa alichonacho. Angekuwa fundi bomba ndiye aliyeachiwa tatizo lile, labda angetafuta panapovuja. Sisi tulitafuta kitambaa.

Gauni la sita lilikuwa la ziara ya mwisho. Jeupe, kola ya lesi, vifungo vidogo mgongoni vilivyofunikwa kwa kitambaa. Siku nne za kazi. Asubuhi ile Mama Pindo alikuwa jikoni anapika, fundi bomba ameamriwa arudi mapema na avae shati safi, na mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu naweka zipu. Nikasikia mkasi mkubwa ukila kitambaa, polepole, kwa mkato mrefu. Sikugeuka. Nilidhani shoga yangu ametoka jikoni, yuko kwenye meza ya kukatia.

Mkasi ule hashiki mtu. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote hii, naomba. Fundi bomba aliwahi kukatia karatasi, akala chakula baridi wiki nzima. Nilipogeuka nilimkuta mtoto ameketi sakafuni, ameushika kwa mikono miwili, na gauni jeupe limekatwa kuanzia pindo mpaka kifuani. Nilipiga ukelele. Mama Pindo akatokea nyuma ya pazia, na papo hapo mlango wa mbele ukagongwa. Bi Faili. Nyuma yake fundi bomba, shati safi, koki ya zamani mkononi.

Bi Faili alivuta stuli, akaketi, akavua miwani.

"Nani amekata gauni hili?"

"Mimi," mtoto akasema.

"Kwa nini?"

"Nikivaa mpya, napelekwa."

"Unapelekwa wapi?"

"Sijui. Huwa hawasemi."

Kote alikotoka ndivyo ilivyokuwa: anaogeshwa, anavalishwa gauni jipya, anasifiwa amependeza, kisha gari. Na sisi, na tepe zetu shingoni, tulikuwa tumemwambia hivyo hivyo mara sita. Mara tano alibaki, lakini hii alisikia tunaiita ziara ya mwisho. Mama Pindo alikaa sakafuni, palepale juu ya vipande. "Mungu wangu," alisema, "nilikuwa namshonea hofu." Kisha akaona Bi Faili anafungua faili na kutoa kalamu, na uso wake ukafifia. Nilijua anafikiri nini. Miezi sita ya kunyenyekea, na taarifa ya mwisho inaandikwa juu ya mkasi.

"Na sasa," Bi Faili akamuuliza mtoto, "mama atakufanya nini?"

Mama Pindo alifungua mdomo aseme sitamfanya kitu. Bi Faili akainua kalamu, akamzuia.

Mtoto alifikiri. "Atanigombeza."

"Ameshawahi kukugombeza?"

"Hapana."

"Umejuaje, basi?"

"Anamgombeza baba." Akamwonyesha kwa mkasi. Fundi bomba akaficha koki mgongoni. "Kila siku anamgombeza. Sana. Halafu tunakula."

Mtoto akaona labda hatujaelewa, akaongeza polepole, kama anavyoelezwa mtu mzito wa kichwa:

"Na baba hajapelekwa."

Mimi si mtu wa kulia. Niliinama chini ya cherehani nikatafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Bi Faili aliandika, aliandika sana. Nilikuja kuyasikia maandishi yale mwezi uliofuata, hakimu akiyasoma kwa sauti kabla ya kugonga muhuri: mtoto anafahamu kuwa katika nyumba hii mtu hugombezwa lakini haondolewi, na anaomba naye ahesabiwe hivyo.

Lakini siku ile hakutusomea kitu. Alifunga faili, akavaa miwani.

"Mama, mtoto anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Mgombeze."

Mama Pindo alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Wewe," akaanza, sauti nyembamba kama uzi wa kupigia bandi. "Wewe mtoto. Nani... nani kakwambia ushike mkasi wangu?" Kisha sauti ikapata njia. "Siku nne! Siku nne nimekaa na lesi hiyo, macho yamenitoka! Na ungejikata vidole? Eh? Ungejikata ningefanyaje mimi? Usiuguse tena mkasi huo, unanisikia? Usiuguse!"

Mtoto akaangua kilio. Si kile cha kimya cha kujifuta kwa mkono. Mdomo wazi, makamasi, miguu inapiga sakafu, na hakuomba ruhusa ya mtu. Huku analia akawa anajisogeza kwa makalio, kidogo kidogo, juu ya vipande vyeupe, mpaka akafika mapajani kwa Mama Pindo, ambaye alimkumbatia na bado anafoka, sasa amefika kwenye habari ya uzi ulioharibika mwezi wa pili na chai iliyomwagika. Aliyakumbuka yote, kumbe.

Fundi bomba aliwapita kwa uangalifu, akachungulia jikoni, akauliza kwa sauti ya chini apakue sahani ngapi. Bi Faili akasema na yeye ana njaa.