Mfenesi Uani kwa Badawi

Mwaka wa tisini na saba, maneno ya kuwataka wabara warudi kwao yalipopamba moto Mombasa, Zilpah, ambaye mtaa mzima wa Bondeni ulimwita Mama Kyalo, alikuwa akiuza miche uani kwa Mzee Badawi miaka nenda miaka rudi. Alikuja na mumewe kutoka Ukambani. Mume akafa, akazikwa kisiwa hiki hiki, na mjane akabaki na makopo yake ya samli, kila kopo na mche wake. Kazi hiyo humfunza mtu jiografia kushinda shule, maana kila mteja huja na habari za mti ulikotoka.

Asubuhi moja Badawi akamjia, macho chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwenye nyumba huogopa moto kuliko Mungu.

"Mama Kyalo, mimi sina neno nawe," alisema. "Lakini watu wasema wakikukuta hapa, nyumba wataitia moto. Nenda kwenu kidogo. Mambo yakitulia, utarudi."

Hasira zilimpanda Zilpah. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mwaka huo wengi walijitia kusahau.

"Nitaenda, lakini tuondoke wageni sote," alisema. "Mwarobaini unaochemsha majani yake ukishikwa na homa, kwao ni Bara Hindi. Mpapai umevuka bahari kutoka Amerika. Na muhogo wa nazi unaofuturu nao, Mzee Badawi, kwao ni Brazili."

"Mti si mtu, Mama Kyalo."

"Redio ilisema hiyo Brazili ina aina nyingi za mimea kushinda nchi zote duniani. Imeshiba, haina haja ya mgeni. Na bado ilipokea kahawa ya Uhabeshi, ikaipa ardhi. Mimi mnaninyima hata pa kuweka makopo."

Zilpah akashika jembe, akachagua mfenesi aliokuwa akikataa kuuza, akapasua kopo, akaanza kuchimba palepale. Mche wa kopo ni wa safari, naye safari hana.

"Huo utazaa lini?" aliuliza Badawi.

"Miaka mitano, Mungu akipenda. Nitakuwepo kuuchuma."

Badawi alilitazama shimo, akaitazama nyumba yake, akaguna.

"Basi usiupande hapo ukutani. Mizizi itanipasulia nyumba."

Zilpah akasogea mbele kidogo, akaanza shimo jingine.