Parachichi la Atuganile

Atuganile wa Masukulu aliuza ndizi katika soko la Tukuyu tangu usichana wake. Biashara huria ilipoingia na malori ya Dar es Salaam yakaanza kupanda milima kufuata ndizi, yeye ndiye aliyepatana na madereva kwa niaba ya wanawake wenzake. Walimpenda kwa sababu hakuwa na haya. Malori hayohayo yalimpa mumewe kazi ya utingo. Mume akarudi mgonjwa, akafa, na baada yake Atuganile naye akaanza kukonda. Jina la UKIMWI halikutajwa mbele yake, lakini hapakuwa na asiyejua.

Masika yote alilala ndani. Mvua ilipopungua, asubuhi moja alimwambia Ikupa, wifi yake aliyekuwa akimuuguza, "Nipeleke sokoni."

"Ukauze nini, wifi? Mkungu huuwezi."

"Siuzi. Miaka yote nimekaa nyuma ya ndizi. Nataka kutembea tu, nitazame."

Ikupa alimvalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Wakapanda pikapu ya kubeba ndizi, wakashuka mjini jua likianza kupasha joto.

Atuganile alitembea polepole ameshika mkono wa wifi yake. Alisimama kwenye magimbi yenye udongo mbichi, akanusa. Alisimama kwenye maharage, akaingiza vidole ndani ya gunia kama mtoto, akacheka. Kwenye mitumba iliyomwagwa chini aliinua koti la njano, akalipima kifuani.

"Wazungu wana mabega," alisema. Ikupa hakuwa amemwona akitania tangu msiba.

Wanawake wa ndizi walimsalimia wakiwa wamekaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mahali pake palikuwa na mtu mwingine, na Atuganile aliuliza tu habari za watoto, akapita.

Kwenye maparachichi alifanya kama afanyavyo kila mtu: alichukua moja, akalibonyeza kuona kama limeiva. Muuzaji, Lukasi, mtu wa Kinyala waliyefahamiana naye siku nyingi, alilitazama lile parachichi, halafu akatazama pembeni.

"Nenda nalo tu, mama."

"Sijasema nanunua, Lukasi. Nalirudisha."

"Usilirudishe. Watu wanaona."

Kweli watu walikuwa wakiona. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua aliyaweka chini aliyoshika, akaondoka. Atuganile alibaki na parachichi mkononi, hajui alipeleke wapi. Ikupa alianza kulia.

Hapo jirani alikuwapo Hadijah wa mtaa wa Bulyaga, aliyeuza dagaa waliotoka Kyela. Alikuwa ameyasikia yote.

"Atu, njoo ukae," aliita. "Lete na hilo parachichi, mimi nina chumvi."

Alimsogezea kigoda, akalikata parachichi vipande kwenye sahani moja, akanyunyiza chumvi. Akaanza yeye kula, kisha akamsukumia sahani. Wakala hivyo, mkono huu na mkono ule, wakimsema dereva mmoja wa zamani aliyekuwa akiwaogopa wanawake. Atuganile alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza alilamba vidole, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga. Leo nimekula sokoni kama tajiri."

Walipoondoka, dagaa wa Hadijah hawakuguswa na mtu hadi jioni. Siku ya pili hali ilikuwa ileile. Baadaye alihamia kuuzia barazani kwake Bulyaga, na biashara yake haikuwa tena kama zamani.

Atuganile hakuinuka tena kitandani. Alifariki kabla viazi havijachimbwa. Msibani walikuja wengi, hata Lukasi, aliyekaa mbali na wenzake na kuondoka bila kula. Hadijah alikaa ndani na wanawake mpaka mazishi yakaisha.

Wakiosha vyombo, Ikupa alimuuliza, "Dada, siku ile sokoni hukuogopa?"

"Niliogopa sana," Hadijah alisema. "Usiku sikulala. Hatukuwa tunajua vizuri ugonjwa unavyopita, nami nina watoto."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Hadijah aliendelea kusugua sufuria. "Alikuwa amesimama peke yake," alisema, "na watu wote wanamtazama."